Goti la Nyumba: Nilivyokwenda Kibamba Kwenye Zege la Shomari

Hivi nyie, nani kati yenu ashawahi kuisikia nyumba ikilia? Sisemi mlango kukwaruza wala bati kupigwa na upepo. Nasema zege lenyewe, kona ya nyumba, ilie kaa! kama mtu kavunjika mfupa. Mie nimeisikia. Wallahi nimeisikia kwa masikio yangu haya haya mnayosema hayasikii vizuri. Kaeni niwahadithie, maana toka nimerudi Kibamba kila mtu ananiuliza nimeleta nini, na nilicholeta hakiingii kwenye kapu.

Safari yenyewe ilianza hivi. Mwanangu Shomari, kitinda mimba wangu, yule anayeuza vipuri vya pikipiki, anajenga kule Kibamba. Nyumba ya ghorofa, jamani! Kwetu hakuna mtu aliyewahi kupanda ngazi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alianza chini, akapumzika, akaanza tena, mnajua sie tunavyojengaga, leo tofali, kesho mchanga. Sasa nguzo zimesimama, imefika siku ya kumwaga zege la kuigawa chini na juu. Akanipigia simu: "Mama, Jumamosi tunamwaga. Bila dua yako siweki hata karai moja."

Na ndo utaratibu wetu. Zege la juu haliendi mpaka mkubwa wa ukoo asimame na ubani aombe dua. Halafu watu wanabeba, wanamwaga, wakimaliza ndo wanakula pilau. Kazi kwanza, pilau baadaye. Saidia fundi akishiba habebi karai, analala.

Na mie nilikuwa na hamu ya kuiona hiyo nyumba kwa sababu nyingine. Si mnaukumbuka ule mtikisiko wa jioni ile, vikombe vikagongana kabatini, jirani yangu mmoja akatoka bafuni mbio na povu mwili mzima? Simtaji, yupo hapa hapa anacheka. Ile ilipita tu, hakuna aliyeumia. Lakini toka siku ile nikisikia mtu anajenga juu, roho inauliza: na ardhi ikitikisika tena, kwa nguvu zaidi, huyo wa chini inakuwaje? Maana Shomari kanitengea chumba. Cha chini, kwa ajili ya goti langu hili.

Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, hapa hapa Mbagala, Zuhura kaja kunichukua. Kwa wasiomjua, Zuhura ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, kwa hiyo Shomari ni mjomba wake. Mie namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote na mjukuu wake. Kasoma mambo ya majengo, yuko chuo kimoja upande wa Tabata, na kazi yake kule ni kuvunja zege. Msicheke. Analipwa avunje.

Ana kigari kidogo, kile mnachokiita bebi woka. Nikaingia na kapu langu, chetezo, ubani, na chupa ya achari, maana wanawake wa Kibamba hawajui achari. Akanivutia mkanda kifuani.

"Unanifunga kama mbuzi wa Idi."

"Mbuzi wa Idi hafungwi mkanda, Bibi. Anafungwa kamba."

"Mdomo huo! Ndo maana marehemu mume wetu alinipenda mie zaidi."

Akacheka, tukaondoka. Lakini kicheko kilikuwa kifupi, nikakiona.

Kutoka Mtoni mpaka Buguruni njia ilikuwa nyeupe, jua linachomoza, watu wa maandazi ndo wanawasha moto. Mie nilikuwa nahesabu maghorofa mapya, nashangaa, naongea peke yangu. Tulipofika Tabata, badala ya kunyoosha, kakata kona.

"Huku siko Kibamba," nikamwambia. "Mie mzee, si kipofu."

"Tunapitia kazini kwangu, Bibi. Kuna kitu nataka ukione kwanza. Hakichukui muda."

Pale Tabata, hicho chuo chao kina banda kubwa kama godauni, sakafu yake nzito mpaka miguu inaisikia. Wakanivalisha kofia ngumu juu ya mtandio. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha, nikasema leo nimekuwa mkandarasi! Mwalimu wake Zuhura, baba mmoja mnene mpole, kaniamkia shikamoo na mvi zake zote, akanivutia kiti.

Katikati ya banda kimesimama kipande cha nyumba. Nguzo moja imesimama, na ubavuni mwake imetoka bimu, ule mti wa zege unaolala kubeba ghorofa. Mnajua mtu anavyosimama ukutani akanyoosha mkono kumwomba jirani chumvi? Ndo vile. Na huo mkono wa zege umeshikwa kwa mbele na mkono wa chuma, wa mashine.

"Bibi," Zuhura akaniambia, "tetemeko halisukumi nyumba mara moja likaondoka. Linasukuma na kuvuta, linasukuma na kuvuta. Hapa tunafanya vile vile ila polepole, tuone nyumba inaanzia wapi kuumia."

"Yaani umelijenga, umelimwagilia maji, limekomaa, halafu unalivunja?"

"Tunalivunja hapa ili lisivunjike kule kwenye watu."

Haya, wakawasha. Mashine ikasukuma kidogo, ikavuta kidogo. Nikaona kama mtu anayebembeleza mtoto. Nikajisemea, hii ndo kazi? Nikaanza kutafuta kapu langu nitafune kitu. Ikasukuma zaidi, ikavuta zaidi. Na mara, kaa! Kofia ikaniruka.

Pale nguzo na bimu zinapokutana pametokea ufa, umelala upande kama kovu. Ikavuta, ukatokea ufa mwingine, ukaukata ule wa kwanza, kama mkasi uliofunguliwa. Msichana mmoja yuko pale na kalamu, kila ufa ukitokea anaufuatisha kwa wino asiupoteze. Ikasukuma tena. Zege likaanza kubanduka vipande, vumbi, nondo za ndani zikaonekana. Nikatazama nguzo, nzima. Nikatazama bimu, nzima. Pale zinapoungana ndo pamekuwa kama makopa ya muhogo kinuni.

Nikasimama na fimbo yangu. "Jamani, hili si goti langu hili!"

Wakazima mashine. Mwalimu akasema, "Mama, umesemaje?"

"Paja langu zima, ugoko wangu mzima. Mfupa wa mtu wa Lindi huu, haujawahi kuvunjika. Natembea na fimbo kwa ajili ya goti tu. Na nyumba yenu ndo hivyo hivyo. Goti limekufa."

Yule baba akacheka mpaka akafuta macho. "Basi Zuhura, mpeleke Bibi akaone goti lililofungwa vizuri."

Kando ya banda kuna kipande kingine, ndugu yake yule, kilishasukumwa siku za nyuma. Kina nyufa, tena si chache, lakini ziko kwenye bimu, nje kidogo ya goti. Goti lenyewe limekaa. Zuhura akanionyesha na mifupa ya kipande kama hicho, nondo tupu kama zinavyokuwa kabla ya kumwagiwa zege. Kuna nondo nene zimesimama, ndo nguzo. Kuna zinazolala, ndo bimu. Na zile zilizosimama zimevishwa ringi, vyuma vyembamba vilivyokunjwa pembe nne, chini mpaka juu, kama bangili mkononi mwa bi harusi.

"Hili zima, ringi zinapita mpaka ndani ya goti," akasema. "Lile tulilovunja leo, ringi zimeishia chini ya bimu, zikaanza tena juu yake. Gotini hamna kitu."

"Na kwa nini mtu asiweke?"

"Pana msongamano, Bibi. Nondo za nguzo zinapita hapo, za bimu zinapita hapo, mkono wa fundi haupenyi. Pale panapohitaji zaidi ndo pagumu zaidi."

"Na hili lenye bangili haliumii?"

"Linaumia. Linapasuka, linapinda. Ila halidondoki kwa mara moja. Watu wanapata nafasi ya kutoka."

"Hata mwenye povu?"

"Hata mwenye povu, Bibi."

Njia ya Kinyerezi, tukipita Malamba Mawili kwenda kutokea Mbezi, ndo mke mwenzangu akafungua kinywa. Akaongea huku anatazama mbele, hanitazami.

"Bibi, nilimpigia Mjomba. Nilimwomba aniache nipande nizione kona zake kabla hazijafunikwa. Akaniambia mie mtoto, nyumba zote za Kibamba zimejengwa na mafundi hao hao na zimesimama. Akakata simu."

"Lini?"

"Juzi. Na zege ni leo. Likishamwagwa, kilichomo ndani hakuna atakayekiona tena. Ringi zipo, hazipo, ni Mungu tu anajua. Na watoto wake watalala pale. Na wewe."

Halafu nikaelewa. "Kumbe hukunipitisha Tabata kutembea. Umenipakia kesi."

"Nisamehe, Bibi. Nikipanda mie pale mbele ya wanaume wote wale nikasema fundi wa Mjomba kakosea, itakuwa vita. Mjomba hatanisemesha tena."

"Na nikisema mie?"

"Wewe ni mama yake."

Nikamwambia endesha gari. Lakini ndani mwangu, jamani, sikuwa na raha. Mtoto wangu nimemlea mwenyewe, najua kiburi chake kilipokaa, na najua kalihangaikia lile jengo mpaka shingo imekonda. Nikimwaibisha siku yake, mbele ya majirani aliowaalika, nitakuwa nimeinusuru nyumba nikambomoa mwenye nyumba. Na nikinyamaza je? Nikaipapasa fimbo yangu mpaka tukaingia barabara ya Morogoro.

Kibamba, kwa Shomari, jua limeshapanda. Jengo limejaa watu! Chini ya ghorofa mirunda imesimama kama msitu, imebeba mbao. Juu ya mbao nondo zimetandazwa, zimefungwa kwa waya, zinang'aa. Saidia fundi wamekaa kwenye rundo la kokoto na makarai yao. Mikisa ya kuchanganyia zege imeshawashwa, inanguruma tupu. Upande wa pili wanawake wako na masufuria, pilau linanukia mpaka barabarani. Shomari kaja mbio, kavaa kanzu nyeupe kwenye vumbi lote lile.

"Shikamoo Mama!"

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Nyumba, Mama." Akamtazama Zuhura. "Na wewe umekuja."

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," akasema, basi. Na mie nikauona ule ukuta kati yao, haukuhitaji zege.

Nikatoa chetezo, nikawasha ubani. Watu wakaanza kukinga mikono. Shomari akaniambia, "Mama, simama hapa kivulini uombe."

Nikamwambia, "Dua ya juu inaombwa juu. Nipandishe."

"Mama, goti!"

"Goti ni langu. Nipandishe."

Hapo ndo mngenipiga picha. Fundi wa pale, fundi Mbawala, Mngoni wa Songea, kanishika mkono wa kulia, Shomari wa kushoto, Zuhura ananisukuma kwa nyuma, tunapanda ule ubao wa kupandishia zege. Mbawala mtu wa maneno. Na kwa kuwa yeye Mngoni na mie Mmwera, sie ni watani, hakuna neno atakalonitupia nikakasirika, wala mie kumtupia yeye.

"Bibi Mmwera mzito! Umekula nini asubuhi?"

"Nimekula Mngoni mmoja, alikuwa na maneno mengi kama wewe."

Tukafika juu. Nikazunguka na chetezo changu nafukiza, kona hii, kona ile. Kila nikifika kwenye kona nainama kama nafukiza vizuri. Kumbe natazama. Na nikaona. Zuhura alikuwa hajasema neno, lakini hata asingekuwepo ningeona. Zile ringi zipo! Zimekatwa, zimekunjwa, ziko pale. Ila zimerundikana chini ya bimu, zimekaliana, kama bangili za mwanamke anayefua, kazisukuma zote kwa mkupuo zisimsumbue. Ndani ya goti, weupe. Naona mpaka upande wa pili.

Nikawaita wote wawili karibu, Shomari na fundi, nikasema kwa sauti ya chini, moshi wa ubani unatuficha. "Mtani, hizi bangili mbona zimeteremka?"

Mbawala akachuchumaa. Akatia vidole. "Zilikuwa juu, Bibi. Vijana wamezisukuma chini nondo za bimu zipate kupita. Walitakiwa wazipandishe." Akajaribu kuinua moja. Haikwenda. "Sasa bimu imeshazibana. Hazipandi." Akajikuna kichwa. "Niseme kweli, Bibi, sehemu nyingi ndo tunafanyaga hivi. Zege likishaingia nani anaona?"

Shomari uso ukamgeuka. Akamkata Zuhura jicho. "Ni wewe umemjaza Mama maneno."

"Kanijaza macho," nikasema. "Maneno ninayo yangu."

"Mama, nyumba ngapi Kibamba zimejengwa hivi hivi, na si zimesimama?"

"Mie nami si nimesimama? Mwambie mtu anisukume."

Akageuka akawatazama watu kule chini. Halafu akasema polepole, kama mtoto, "Mama, watu wote wale. Mashine inanguruma. Nitawaambia nini? Kwamba nyumba yangu mbovu?"

Hapo moyo ukanilegea. Kumbe hakatai ringi, anakataa aibu. Nikamgeukia Mbawala. "Mtani, zinatengenezeka?"

"Za chini niziache. Nikunje mpya, vipande viwili viwili, kimoja kiingie huku kingine huku, zikutane, kulabu zake zote nizikunje kwa ndani zisifunguke. Ni kazi. Lakini inawezekana."

"Mie nasaidia kufunga," Zuhura akasema. Ndo neno lake la kwanza pale juu.

"Fanyeni," nikasema. "Nyumba hii ikinidondokea, mtani, wewe ndo utakuja kufanya vituko msibani kwangu, na mie sitaki vituko vyako mapema."

Nikasogea ukingoni, nikapaza sauti. "Enyi watu wa Shomari! Mie mama yake nimesema leo tunakula kwanza!"

Wee! Hamjasikia kelele. Saidia fundi walirusha makarai juu. Mmoja akapiga kelele, "Bibi agombee ubunge!" Wanawake wa pilau wakanitazama kama nimerukwa na akili, kwamba nani kawahi kulisha kabla ya zege? Lakini mkubwa kasema, nani atamkatalia? Mikisa ikazimwa. Na hakuna mtu hata mmoja aliyejua kule juu kuna nini.

Mchana, watu wakala wakashiba, achari yangu ikaisha, tukaswali adhuhuri. Juu nasikia nyundo, nondo zinakunjwa, Mbawala anaimba. Mie nikajiona mjanja sana. Lakini Mungu hamwachi mjanja alale. Ikaingia alasiri, kazi bado. Kona nyingi zimekwisha, zilizobaki ngumu. Saidia fundi ndo kama nilivyowaambia, wamelala kwenye mchanga, matumbo juu. Wengine wakaanza: "Shomari, tunamwaga hatumwagi? Mawingu yale." Jirani mmoja mwenye ghorofa yake ya mbele akacheka, "Kulikoni, zege limeogopa urefu?"

Hila yangu ikawa imefika mwisho. Pilau halikuwa na la kusaidia tena.

Shomari akapanda juu, nami nikamfuata kwa tabu na fimbo. Zuhura amekaa kwenye mbao, viganja vimechubuka kwa waya, jasho tupu. Shomari akauliza, "Zimebaki zipi?"

Mbawala akaonyesha kwa koleo. "Hii ya ngazi. Na ile pale, juu ya chumba cha Bibi."

"Tukimwaga na hizo mbili zilivyo?"

Fundi akaligeuza koleo mkononi. Zuhura akainua uso, nikaona anataka kusema, anaogopa. Shomari akachuchumaa kwenye kona iliyokwisha, akatia mkono mwenyewe, akazigusa ringi. Akaenda kwenye ile ya juu ya chumba changu, akatia mkono. Mkono ukapita bila kugusa kitu. Akaurudisha, akaupitisha tena. Maneno yote niliyokuwa nayo nilishayatoa, iliyobaki ilikuwa nyumba yake na watoto wake.

Akasimama, akaenda ukingoni, na kanzu yake ile imeshakuwa rangi ya udongo.

"Jamani, samahanini! Leo hatumwagi. Kuna kona hazijafungwa sawasawa. Tulikosea, tunarekebisha. Kesho asubuhi!"

Palitokea minong'ono, palitokea na mguno. Yule jirani akasema, "Umetulisha bure!"

"Sikukulisha bure," Shomari akamjibu. "Kesho hilo pilau utalitoa jasho."

Watu wakacheka, wakaondoka. Hivyo tu. Ile aibu aliyoibeba toka asubuhi, kumbe ilikuwa nyepesi kuliko karai moja. Halafu akarudi, akachuchumaa karibu na Zuhura, akachukua koleo mkononi mwake. "Nionyeshe unavyokunja," akamwambia. "Wewe pumzisha hivyo viganja, mama mdogo." Mama mdogo! Mjomba akikuita hivyo ameshakufungulia mlango. Nikageuka nikajifanya natafuta chetezo, maana macho yalinijaa.

Jumapili asubuhi, Kibamba hiyo hiyo, kona zote zina bangili. Zuhura alizizungukia na mjomba wake nyuma, kila moja anatia mkono, anatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hapo nikaomba dua yangu, ndefu, mpaka Mbawala akakohoa. Karai la kwanza akalibeba Shomari mwenyewe. Watu hawakurudi wote, siwadanganyi, ila waliorudi walitosha, na yule jirani wa mbele alikuwepo. Alipanda juu kabla halijamwagwa, akainama, akatazama kona moja kwa muda mrefu, akashuka. Jioni yake nikamwona kasimama nje ya ghorofa lake anaitazama kona yake, mikono kiunoni. Masikini, yake imeshafunikwa. Hata mie nilimwonea huruma. Zuhura akaenda akaongea naye, akamwambia zipo njia za kulifunga goti kwa nje, zina kazi, lakini zipo, amwite mtaalamu akapime. Akaitikia kwa adabu.

Tukarudi magharibi ikikaribia, Mbezi, Kimara, watu wanatoka kanisani na sokoni. Na ndo nikajua safari hii imeniharibu macho. Zamani nikipita njiani natazama rangi ya nyumba, madirisha, geti. Sasa natazama kona. Kila jengo ambalo halijakwisha, nondo zimechomoza juu zinasubiri mwenyewe apate, mie nainua shingo: bangili zimepanda au zimeteremka? Na siwaoni wenye nyumba wale kuwa wabaya, wala mafundi wao. Mtu kavumilia miaka, anataka zege lake. Nani amemwambia habari ya goti? Mie mwenyewe nilikuwa silijui, na goti ninalo. Hilo ndo nililojifunza, wenzangu: nyumba haiangushwi na kile unachokiona, na mtu akikuonyesha usichokiona, usitazame umri wake.

Lakini moja lilikuwa limenikaa rohoni. Tulipofika Buguruni foleni ikatushika, nikamwambia Zuhura, "Mke mwenzangu, jana umenitumia mie. Sikulaumu, mama ni mama. Ila mie goti hili, na miaka hii. Siku sipo, utampakia nani kwenye bebi woka?"

Foleni ikasogea, akasogea nayo, akasimama. Akavigeuza vile viganja vyake vilivyochubuka juu ya usukani, akavitazama.

Halafu akaniahidi. "Bibi, siku ya zege la paa nitapanda mwenyewe, na nitasema mwenyewe, mbele ya Mjomba na mafundi wote. Wewe nitakuja kukuchukua kwa ajili ya pilau tu."